Neno Sayansi na Msingi wa Mama Espe

Vijana, mnanijia hapa nyumbani na simu zenu, mnanionyesha majina ya vyuo vya nje, mnaniuliza: "Mzee Ramazani, wewe umejenga nusu ya mji huu. Nikitaka kusomea kuchora majengo, nichukue digrii gani?" Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu mwalimu wetu alihama. Yeye akaenda Kigali, mimi nikaenda kuchekecha mchanga. Sasa mtu kama huyo mnamuuliza digrii? Lakini mmeuliza, na mgongo wangu hautaki tena kuinamia mawe, kwa hiyo muda ninao. Nitawaandikia habari ya Espe. Ndiyo habari pekee ya digrii ninayoijua, lakini hiyo naijua mpaka chini.

Mkiona Kiswahili changu kimenyooka, msinisifu mimi. Mke wangu alirudi kutoka Tanzania, na tangu nimuoe sijawahi kusema "mutu" mbele yake bila kukatwa jicho. Wengine nitawaacha waseme kama walivyosema.

Bon. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini. Vita vya huku kaskazini vilikuwa vimeanza kutulia, watu wakawa wanalala tena majumbani mwao. Tulikuwa Cyanzarwe, tunajenga nyumba ya akina mama kujifungulia. Mimi nilikuwa kapita, yaani msimamizi wa mafundi. Injinia wetu alikuwa msichana, Esperanse, watu wote wakimwita Espe. Alikuwa amesoma ujenzi katika chuo chetu cha kusini, hesabu za vyuma na zege alikuwa anazifanya akitembea. Mafundi walimcheka siku ya kwanza kwa sababu kofia ya plastiki ilimfunika mpaka nyusi. Walipoona anapanda jukwaa la miti akiwa amefunga kitenge juu ya suruali, anapima nguzo mwenyewe, wakanyamaza. Bosco peke yake hakunyamaza. Bosco hajawahi kunyamaza.

Na huyo Bosco ngoja niwaambie, maana nikipita nitasahau. Siku moja alikuwa anajenga ukuta wa nyuma, amevuta kamba yake vizuri, mwanzo mpaka mwisho. Akaenda kunywa uji. Mbuzi wa jirani akaja, akatafuna mti ulioshika kamba, kamba ikalegea, ikapiga tumbo kuelekea nje. Bosco akarudi, akafuata kamba. Mistari minne ya matofali! Ukuta ukawa na tumbo kama mtu aliyekula ugali wa harusi. Espe alipouona hakupiga kelele. Alisimama, akauliza: "Bosco, mukuta uko na mimba ya miezi ngapi?" Mpaka leo Cyanzarwe wanauita ukuta wa mbuzi, ingawa tuliubomoa mchana ule ule. Ninyi kamba yenu iguseni kila mnaporudi. Hata kama mmekwenda kukojoa tu, iguseni.

Donc, turudi kwa Espe. Ile ramani ya jengo ilitoka mbali, imechorwa na mtu ambaye hakuwahi kufika Cyanzarwe. Ilikuwa ramani nzuri, siisemi vibaya. Ila baraza ya akina mama wanaosubiri ilitazama upande ambao mvua hutokea. Kwetu huku mvua haishuki, inakuja kwa ubavu, inakupiga shavuni. Espe aliiona mapema. Mama mmoja mwenye tumbo kubwa alikuja kutafuta zahanati akidhani tumeshafungua. Mvua ikamkuta pale tulipokuwa tumepima baraza, Espe akamfunika na karatasi ya saruji. Siku ya pili akaomba baraza igeuzwe iangalie uani. Jibu likaja kwa simu: aliyechora ndiye mwenye sahihi, injinia ahesabu vyuma vyake. Hakutukanwa. Aliambiwa tu mpaka wake uko wapi.

Tukajenga vile vile. Lakini nilimwona, kila akipita pale barazani anaangalia pembeni, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Basi ndipo akaanza kuandikia vyuo vya ng'ambo. Hakuniambia mimi wala mama yake. Chuo kimoja cha Kanada kikamjibu. Wakati ule hapakuwa na simu za mfukoni kama zenu. Karatasi zilikuja kwa faksi, katika kabini ya simu ya Joni, karibu na soko. Joni alikuwa amerudi kutoka Uganda, na katika mtaa wetu yeye ndiye alikuwa Kiingereza chenyewe. Espe alisoma kwa Kifaransa, Kiingereza alikuwa anakisoma kwa kukipapasa. Akanichukua twende wote, nadhani alitaka mtu mzima awepo asije akaanguka kwa furaha.

Joni akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kabini nzima ikisikiliza, hata mama mmoja aliyekuwa anaongea na mumewe aliyeko Kampala akamwambia mumewe angoje kidogo.

"Wamekukubali, Espe! Wanasema uchague. Iko mbili. Ya kwanza, Masta ov Akitekcha, ni kuchora majengo, miaka tatu. Ya pili, Masta ov Sayansi in Akitekcha, mwaka moja na nusu. Ujibu mbele ya mwisho wa wiki ijayo."

"Mbili zote ni masta?" Espe akauliza.

"Masta na masta. Lakini hii ingine iko na sayansi ndani."

Na hapo, wajukuu zangu, ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu huku mnajua neno hilo lina uzito gani. Mtoto akipelekwa kusoma sayansi, mzazi anatembea kifua mbele, anasalimia mpaka watu aliokosana nao. Akipelekwa kwingine, mzazi anasema "anasoma" halafu anabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo tulipotoka pale kabini, hakuna aliyekuwa na shaka. Kubwa ni ile ya sayansi. Na tena ni fupi! Mungu akupe kikubwa, tena akupe karibu, utake nini zaidi?

Kwenye kazi Cyanzarwe mjadala uliendelea siku nzima, mwiko mkononi.

"Chukua sayansi, injinia," Bosco akasema. "Hii ingine ya miaka tatu ni ya watu ya pole pole."

"Nyumba iko na sayansi gani?" akauliza mzee mmoja aliyekuwa anatuvunjia mawe. "Si mawe na saruji?"

"Sha, we ungejua ungekuwa unavunja mawe?"

"Na wewe unayejua, mbuzi alikushinda."

Watu wakacheka mpaka zege likaanza kukauka, nikawafokea.

Espe peke yake hakucheka. Akanijia pale nilipokuwa nachagua mawe, akaketi juu ya ndoo. "Mzee Rama," akasema, "kama hii ya sayansi ni kubwa, mbona ni fupi?"

Nikaendelea kugonga mawe. Mnajua mawe yetu haya meusi ya volkano, yote yanafanana. Aliyenifundisha, Papa Kashindi wa kutoka Bukavu, hakuchagua jiwe kwa macho. Aligonga kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Linalolia kama sufuria linaenda chini kwenye msingi. Linalokohoa kama mvuta tumbaku linakwenda juu, au linatupwa. Na lazima uliloweshe kwanza, maana jiwe lile lina matundu, litayanywa maji yote ya udongo wako wa saruji, kesho unakuta vumbi. Mimi nilikuwa nagonga, yeye akawa anasikiliza. Mwishowe akasimama.

"Nitawapigia simu. Nitawauliza hii ya pili inakohoa ama inalia."

Tukapiga saa kumi jioni, kwao ikiwa asubuhi. Joni alishika simu kwanza, akapaza Kiingereza chake chote kama anaita feri ya Rubona irudi. Alipomaliza, mama wa upande wa pili akajibu kwa upole, kwa Kifaransa safi. Joni akanipa sura ya mtu aliyevaa koti siku ya jua. Espe akachukua simu.

Mimi Kifaransa nasikia cha kwenye kazi: mawe, vyuma, haraka, pumbavu. Lakini nilimwangalia uso. Aliuliza, akasikiliza. Akauliza tena, akasikiliza muda mrefu zaidi. Akasema asante, akaweka simu chini polepole kama yai.

"Iko aje?" Joni akauliza.

Espe akatueleza, na mimi nawaeleza ninyi vile vile. Ile fupi, yenye sayansi, wameiweka kwa mtu ambaye tayari ni mchoraji wa majengo, au mtu anayetaka kuchunguza na kufundisha: joto linaingiaje nyumbani, udongo unashikaje, miji inakuaje. Ni elimu ya kweli, nzito. Lakini ukiingia ukiwa injinia, ukasoma hiyo, unatoka ukiwa injinia mwenye maarifa mengi. Kuchora jengo na kutia sahihi yako, hapana. Ile ndefu, ambayo jina lake ni fupi, ndiyo inayomchukua mtu aliyesomea kitu kingine, inamwanzisha kwenye meza ya kuchorea, miaka mitatu. Hata akimaliza atawekwa kwanza chini ya mwenye uzoefu. Lakini mwisho wake ni sahihi.

"Kwa hiyo chukua ndefu," Joni akasema.

Espe akaanza kulia. Mtu mzima, injinia, mbele ya foleni ya simu. "Na mama je?"

Hapo inabidi niwajulishe mama yake. Mama Espe alikuwa anauza mashu, yaani kabichi. Anayanunua mashambani huku Cyanzarwe, anayafunga kwenye shuka, anayabeba kichwani, anavuka nayo mpaka wa Kongo pale Grande Barrière hadi Goma, anarudi jioni na shuka tupu. Watu wa barrière walimjua wote, na yeye alijua nani ana homa na nani ameachwa na mke. Mumewe hakuuona mwisho wa ule mwaka ambao sina haja ya kuutaja. Watoto wake wawili wakubwa pia. Alibaki na Espe, na watoto wadogo wawili wa marehemu dada yake. Mwaka mmoja na nusu alikuwa ameshaumeza. Alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa barrière kwamba mtoto anakwenda kusoma sayansi, anaenda na kurudi. Sasa nani atamwambia mitatu, na zaidi?

"Utakuja na mimi," Espe akaniambia. "Wewe ndiye ulimujengea."

Ni kweli, nilimjengea. Na hapa kuna desturi ambayo ninyi wa magorofa mnaisahau. Mtu wa kwetu akipata kiwanja hajengi nyumba moja kwa moja. Anachimba msingi wa nyumba kubwa mbele, anaumaliza, ili majirani waone nia yake. Kisha nyuma ya kiwanja anajenga aneksi, vyumba viwili vitatu, jiko pembeni. Anaingia humo na familia, anasema "kwa sasa." Nyumba kubwa itakuja. Baba Espe alifanya hivyo hivyo. Msingi ule niliuweka mimi kwa mawe yanayolia kama sufuria. Halafu akaondoka duniani, na nyumba kubwa haikuja. Msingi ukabaki pale mbele, watoto wanaurukia, mama anaanika maharage juu yake.

Njiani nilipanga maneno yangu. Nilijiona nina hekima kweli kweli. Nitamwambia Espe mbele ya mama yake: anza na ile fupi, iwe kama aneksi. Urudi, umtulize mama. Ile ndefu, nyumba kubwa, utaijenga baadaye ukijaliwa. Nikayarudia maneno hayo kimoyomoyo tangu kwenye lami mpaka kwenye ua wao. Yalikuwa matamu.

Tukamkuta Mama Espe anakata majani ya nje ya kabichi, yale yaliyochoka. Akanipa karibu, nikakaa. Watoto wakaletewa mkate. Espe akamweleza mama yake yote, hakuficha. Kisu kikaendelea, krr, krr. Kisha mama akainuka, akaenda kuosha sufuria ambayo niliona kwa macho yangu ilikuwa safi. Akaiosha kwa muda. Tuliuona mgongo wake tu.

Aliporudi kwenye kisu chake, mimi nikaona huo ndio wakati wangu. Nikakohoa.

"Mama Espe," nikasema, "mi naona hivi. Mutoto aanze na hii fupi. Ni kama aneksi. Mutu anaingia kwanza katika aneksi, anapumua, na nyumba kubwa..."

"Fundi," akanikata.

"Naam, mama."

"Umekalia nini?"

Nikaangalia chini. Nilikuwa nimeketi juu ya msingi. Msingi wangu mwenyewe, mawe meusi, majani yameota kwenye pembe ya chumba ambacho kingekuwa sebule.

Espe akaziba mdomo. Watoto hawakuelewa, wakacheka kwa sababu mimi nilisimama haraka kama niliyekalia siafu.

"Baba Espe alisema aneksi ni ya sasa," Mama Espe akasema. Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ile ya kumweleza mteja bei. "Mi niko katika hii sasa mpaka leo. Wewe Espe, nijibu. Hii fupi, ukiimaliza, utaweza kugeuza ile baraza ya Cyanzarwe? Ile unayonisumbua nayo kila jioni?"

"Hapana, mama."

"Na ile ndefu?"

"Ile ndefu, ndiyo. Si leo, lakini ndiyo."

"Bon. Sasa munanikalia hapa mukiniuliza nini?"

"Lakini mama, utabaki na nani? Miaka tatu..."

"Reka, wacha! Nitabaki na watu ya barrière, nitabaki na hawa watoto, nitabaki na huyu fundi atanibebea mashu kwa sababu amesema ujinga." Kisha kisu kikasimama, na sauti ikashuka. "Mwanangu, mi nitakulilia. Usifikiri sitakulilia. Nitakulilia mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Lakini ukirudi na kitu nusu, nitakulilia mpaka nife. Chagua."

Espe akamshika miguu. Mimi nikaenda kutazama ng'ombe wa jirani, ambaye hakuwa na jambo lolote la kutazamwa.

Kesho yake faksi ikaenda. Joni aliiandika mwenyewe na hakutaka chochote kwa kazi hiyo, alisema ni adhabu ya Kiingereza chake. Wanawake wa barrière waliposikia kwamba sayansi imeachwa, wengine walimpa Mama Espe pole. Akawaambia: "Anaenda kusomea sahihi." Hawakuelewa, lakini alivyolisema hawakuuliza tena. Na kumbebea mashu nilimbebea, mimi na mke wangu, siku nyingi tu. Afisa mmoja wa barrière alikuwa akiniona anasema: "Kapita, leo unajenga na nini?"

Nisiwadanganye, miaka ile mitatu haikuwa sukari. Mama aliugua mara moja, Espe akataka kurudi, mama akakataa kuongea naye kwenye simu mpaka alipoahidi kubaki. Volkano ikatikisa mji, nyumba nyingi zikapasuka, tukakimbia na magodoro. Msingi wangu haukupata hata ufa. Hilo naliandika ili lisomeke.

Na msije mkasema Mzee Ramazani ameitukana ile digrii ya sayansi. Baadaye nilimjua kijana mwingine, mtoto wa fundi cherehani hapa mjini, ambaye alikuwa tayari amesoma kuchora. Yeye alichukua hiyo fupi. Anachunguza namna nyumba za matofali ya udongo zinavyostahimili ardhi ikitikisika, anafundisha, ana furaha, hataki kusikia habari za kusimamia mafundi. Anasema Bosco mmoja angetosha kumuua. Kwake ile ndiyo ilikuwa nyumba kubwa. Wengine wanasomea kupanga miji, wengine kutunza majengo ya zamani. Zote zina watu wake. Mkinionyesha majina kwenye simu mimi siwezi kuyasoma yote, lakini ulizeni kama Espe alivyouliza: nikitoka huko, nitaruhusiwa kufanya nini ambacho leo siruhusiwi kukifanya? Na aulizwe mtu wa chuo chenyewe. Msimuulize Joni.

Espe alirudi baada ya muda mrefu kuliko ile miaka mitatu, maana alifanya kazi kwanza chini ya wakubwa huko. Ile baraza ya Cyanzarwe alipewa nafasi ya kuichora upya. Siku hizi akina mama wanakaa wakiangalia uani, mvua inapiga mgongo wa ukuta. Lakini hiyo haikuwa ramani yake ya kwanza yenye sahihi.

Ya kwanza aliileta kwangu siku moja asubuhi, imeviringishwa. Akaikunjua juu ya meza, mke wangu akaweka vikombe kwenye pembe zake. Nikaujua msingi mara moja. Kila jiwe la kona nalijua. Ilikuwa nyumba kubwa ya mama yake, juu ya ule ule msingi.

Sasa mkumbuke, miaka yote ile Mama Espe alikuwa amechoka kuona majani yanaota bure mle ndani. Alijaza udongo mahali pa sebule, akapanda kabichi, mashu yake yale yale. Na mawe yale meusi yanashika joto la mchana, kwa hiyo kabichi zilitoka kubwa kama vichwa vya ng'ombe, hakuna za kufanana nazo Goma nzima.

Nikapitisha kidole kwenye ramani. Chumba cha mama, chumba cha watoto, jiko ndani ya nyumba, baraza isiyotazama mvua. Katikati, pale penye sebule, nikakuta mraba mtupu, hauna paa, vyumba vyote vimeuzunguka na milango yao inauangalia.

"Na hapa, Espe? Hapa umesahau kuchora."

"Sikusahau, Mzee Rama. Mama amekataa kuyang'oa."

"Amekataa kung'oa nini?"

Akacheka. Akanionyesha maandishi madogo katikati ya ule mraba, nikayasoma mwenyewe, herufi moja moja, kwa elimu yangu ile ya darasa la nne: *mashu*. Na chini kabisa, kwenye pembe, sahihi yake.